Mwenye jina na mwenye jiko: kisa cha ndoo mbili za mafuta, Mtwara

Mama mmoja aliingia ofisini kwangu na dereva wa bajaji nyuma yake, kila mmoja kabeba ndoo ya mafuta ya kula ya lita 20. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akizigeuza ndoo ili lebo zinitazame. "Soma hapo chini, mwanangu." Kiwanda kimoja. Tarehe ya kutengenezwa moja. Namba ya toleo moja, hadi herufi ya mwisho. Risiti ndizo zilizotofautiana: ya kampuni ya Dar es Salaam inayomiliki jina la duka lake ilisoma shilingi 112,000, na ya duka la jumla pale Soko Kuu shilingi 89,000.

"Haya ya bei kubwa," akauliza, "yanakaanga nini ambacho hayo mengine hayawezi?"

Kulijibu swali hilo kulituchukua miezi mitatu, na jibu lenyewe halikuwa lile alilolitaka. Ameniruhusu nikiandike kisa bila jina lake wala la kampuni, na nimegeuza mambo mawili matatu yasiyogusa hoja.

Mama ana duka la kuku wa kukaanga na chipsi mjini Mtwara. Jina lililo juu ya mlango si lake. Alilipata kwa mkataba wa miaka mitano, ule tunaouita franchaizi: yeye ana jiko, kodi ya pango, wafanyakazi na madeni, mwenzake ana jina, mapishi na rangi za ukutani. Aliingia kwa ada ya shilingi milioni 15, sehemu ikiwa kiinua mgongo chake cha ualimu na sehemu fedha za korosho za mume wake kutoka Newala. Kila mwezi analipa mrabaha (malipo ya kutumia jina) wa asilimia 6 ya mauzo, na asilimia 2 nyingine ya matangazo ambayo, kwa maneno yake, yanaishia Mbagala, huko huko Dar es Salaam.

Hayo yote aliyajua na aliyakubali. Kilichomleta kwangu ni kifungu cha 11, kisemacho kwamba mwendeshaji (ndiye mama) atanunua bidhaa zote za Kiambatisho C kwa mwenye chapa (ndiyo kampuni), "au kwa msambazaji mwingine atakayeidhinishwa naye kwa maandishi." Kiambatisho C kilikuwa na vitu 34. Kuku aliyekwisha kukolezwa na kugandishwa. Masala ya unga. Sosi. Maboksi yenye nembo. Mafuta. Viazi. Halafu orodha ikaendelea kuteremka: chumvi, tishu, sabuni ya vyombo, brashi za sakafu, mifuko ya takataka. Kwenye mifuko ya takataka nilicheka. Mama hakucheka, maana yeye ndiye anayeilipia.

Siku aliyosaini, orodha ilikuwa na vitu 19. Vile 15 viliingia baadaye kwa barua pepe, kwa kuwa mkataba unasema mwongozo wa uendeshaji ni sehemu ya mkataba na mwenye chapa anaweza kuubadilisha wakati wowote. Ukiwa na mkataba wa aina hii kabatini, kaangalie kama una sentensi hiyo. Kwa sentensi hiyo moja, ulichosaini juzi si lazima kiwe ndicho kinachokubana leo.

Viazi ndivyo vilivyomkera kuliko mafuta. Kampuni inanunua viazi Njombe, inavipeleka ghala la Dar, halafu inavipakia tena kuvishusha kusini, zaidi ya kilomita 550, hadi stendi ya Mkanaledi hapa Mtwara. Lakini kutoka Njombe kuna lami inayopita Songea, Tunduru na Masasi hadi Mtwara, na malori ya viazi yanaipita hiyo hiyo kila wiki. Vile vya kampuni vilimfikia na machipukizi, ghali kwa shilingi 17,000 kwa gunia kuliko vya lori lililotoka Songea. Mwezi Februari 2024 aliandika barua pepe kuomba aidhinishiwe mfanyabiashara wa viazi na duka la mafuta. Akaandika tena Machi. Akatuma WhatsApp, alama mbili zikawa za bluu, na hakuna aliyejibu. Kuanzia Aprili akaanza kununua mwenyewe.

Kisha ikaja Mei. Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu tarehe 4, na mvua zake, juu ya zile zilizokwisha kunyesha, zikakata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa. Malori na mabasi yakakwama pande zote mbili. Friza ya mama ilikuwa na kuku wa kutosha siku tatu. Alipowapigia simu Dar aliambiwa asubiri. Mkataba ulikuwa na kifungu cha majanga yasiyozuilika, nacho kilisema kampuni haitadaiwa fidia ikichelewesha mzigo kwa sababu hizo. Mwendeshaji afanye nini wakati huo, hakikusema. Kodi ya pango inaendelea, wasichana sita wa jikoni wanaendelea, na kiwango cha chini cha manunuzi kwa mwezi kinaendelea vilevile, tena Mei, mwezi ambao fedha za korosho zimekwisha mifukoni na mji mzima unakula nyumbani.

Alinunua kuku wa kisasa kwa mfugaji wa hapa hapa, akawachinja, akawakoleza kwa masala ya kampuni aliyokuwa nayo. Siku ya tano masala ikaisha. Akachanganya yake mwenyewe: kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, bizari, kitu kingine ambacho hadi leo hajaniambia. Akauza siku nne kwenye maboksi yenye nembo ya kampuni. Anaapa wateja waliisifu. Juni mkaguzi akaja, akakuta ndoo za Soko Kuu na magunia ya Songea, akauliza maswali, msichana mmoja akasema kweli yote. Baada ya wiki ilifika notisi: amevunja kifungu cha 11, alipe faini ya mkataba ya shilingi milioni 5, ajirekebishe ndani ya siku 14, la sivyo jina liondolewe mlangoni.

Hapo ndipo alipopanda bajaji na ndoo mbili.

Nilianza na lile lisilopendeza. Nilimwambia kwamba kwa zile siku nne za masala yake, kampuni ina haki na sisi hatuna. Aliyenunua boksi siku ile alilipia jina. Aliamini anapata ladha ile ile aliyoila Dar au Songea, na akapewa nyingine, hata kama ni tamu zaidi. Jina la biashara halina kazi nyingine zaidi ya hiyo. Ndiyo maana Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inampa mwenye alama ulinzi, na ndiyo maana anayemruhusu mwingine kuitumia lazima amsimamie. Mwenye jina asiyeangalia kinachouzwa kwa jina lake, jina humfia mkononi. Angefunga duka siku nne, au angeuza kwa mfuko mweupe na kubandika karatasi mlangoni, mambo yangekuwa mengine. "Kwa hiyo ningekaa njaa?" akauliza. Nikamwambia kwa masala, ndiyo. Hakunywa chai niliyomwagizia.

Lakini masala si mafuta, na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema mkataba ni mkataba, umesaini, nyamaza.

Tanzania hatuna sheria maalumu ya franchaizi. Kisa kama hiki kinaangukia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na kikigusa soko kinaangukia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mama alikuwa amesikia redioni habari za Tume ya Ushindani na alitaka twende huko moja kwa moja. Nilimzuia. Kifungu cha 8 cha sheria hiyo kinakataza makubaliano yanayozuia au kupotosha ushindani kwa kiasi cha kuonekana, lakini kinaanza kwa kudhani kwamba makubaliano kati ya watu wasioshindana, ambao hakuna kati yao aliyelishika soko, hayana madhara, hadi ithibitishwe vinginevyo. Toka mlangoni kwa mama, tembea hatua mia, utapita vibanda vinne vya chipsi. Nani atathibitisha kwamba kampuni yenye duka moja Mtwara imelishika soko la kuku?

Wamarekani wamelipitia hili kabla yetu, na walitoa majibu mawili yanayovutana. Mwaka 1971 mahakama ya rufaa iliamua kesi ya Chicken Delight, kampuni ya kuku kama hii yetu. Haikutoza ada ya kuingia wala mrabaha. Iliwalazimisha waendeshaji kununua kwake majiko, vikaangio, vifungashio na viungo, kwa bei ya juu kuliko ya wengine, na hapo ndipo ilipopatia fedha. Mahakama ikaona ni kumfungia mtu bidhaa asiyoitaka kwenye jina analolitaka. Mwaka 1997 wakaja waendeshaji wa Domino's na malalamiko yanayofanana, kampuni ikiwauzia takribani asilimia 90 ya viungo na vifaa vyao. Walishindwa. Mahakama ilisema nguvu inayowabana imetoka kwenye mkataba waliousaini, haikutoka sokoni, na kabla ya kusaini walikuwa huru kwenda kwingine. Hukumu hizo hazifungi mahakama zetu. Nilimweleza mama hiyo ya pili kwa sababu ndiyo ambayo wakili wa kampuni angekuja nayo.

Iliyotufaa zaidi ni ya Ulaya. Mwaka 1986 mahakama ya Jumuiya ya Ulaya ya wakati ule iliamua kesi ya Pronuptia, jina la maduka ya nguo za harusi. Ilikubali kwamba mwenye jina anaweza kumbana mwendeshaji anunue kwake au kwa aliowachagua yeye, pale ambapo ubora hauwezi kuelezwa kwa vipimo vya wazi, au kuusimamia kwa vipimo kungegharimu mno. Ila hawezi kumkataza kununua kwa mwendeshaji mwenzake wa jina lile lile. Nayo Afrika Kusini, kifungu cha 13 cha Sheria yao ya Kulinda Watumiaji ya 2008 kinampa mwenye jina utetezi ikiwa bidhaa anazolazimisha zina uhusiano wa kueleweka na bidhaa zenye nembo zinazohusika na mkataba.

Ukizisoma pamoja, swali linakuwa: kitu hiki ubora wake unaandikika kwenye karatasi? Mafuta yanaandikika: aina, alama ya TBS (Shirika la Viwango), tarehe. Viazi vinaandikika: aina, ukubwa, visiwe na machipukizi (nikaongeza kwa kalamu: wala lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo). Masala ya siri haiandikiki, kwani ukiiandika si siri tena. Sosi vivyo hivyo. Na mfuko wa takataka mteja hauoni kabisa.

Hata hivyo silaha yetu kubwa haikutoka nje. Ilikuwa kifungu cha 11 chenyewe, yale maneno "au kwa msambazaji mwingine atakayeidhinishwa." Maneno yaliyomo kwenye mkataba hayakuwekwa kuwa urembo. Yanampa mama haki ya kuomba, na haki ya kuomba bila mtu wa kujibu si haki. Mkataba haukutaja muda wa kujibu, haukutaja vigezo, haukutaja nani wa kuandikiwa. Barua za Februari na Machi, na zile alama mbili za bluu, zilikuwa na thamani kuliko kesi zote za Marekani. Na kuhusu faini, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema kiasi kilichotajwa kwenye mkataba ni kikomo tu. Anayedai hupata fidia ya kadiri isiyozidi hapo. Hasara ya kampuni kwa ndoo za Soko Kuu ni faida iliyokosa, na ili kuipigia hesabu ingelazimika kutuonyesha ni kiasi gani inaongeza juu ya kila ndoo. Niliandika hivyo kwenye barua, kwa heshima zote, nikijua hawatapenda kuonyesha.

Meneja wa ugavi alikuja mwenyewe, kijana mpole, tukakaa dukani kabla ya wateja wa mchana.

"Shikamoo mama. Sisi tunalinda ubora tu."

"Marahaba, baba. Ubora wa mfuko wa takataka?"

Kijana alitabasamu, akaacha hotuba aliyoiandaa, na kuanzia hapo alisema mambo ambayo nakiri sikuwa nimeyafikiria. La kwanza, ile 112,000 ina nauli ndani yake, kama 6,000 kwa ndoo hadi Mkanaledi. Haki yake, ingawa katika tofauti ya 23,000 zinabaki 17,000. La pili, kampuni inamuahidi msambazaji wa masala kwamba itanunua kiasi kikubwa kwa sababu matawi yote yananunua pamoja. Kila mmoja akichomoa anachotaka, wanaobaki wanalipa zaidi, na tawi la mbali kama Mtwara lingekuwa la kwanza kuumia.

La tatu lilinifanya niweke kalamu chini. Manunuzi ni mita. Kampuni inajua kuku 100 wanahitaji mafuta kiasi gani. Tawi linalonunua kuku wengi na mafuta kidogo linakaangia mafuta yaliyochoka, na wanalijua bila kutuma mkaguzi. Maboksi nayo yanahesabu mauzo. Ukitangaza kwamba umeuza boksi 500 na umenunua 900, mrabaha wako una maswali. Mama akinunua mafuta mtaani, mita moja imezimwa.

Hiyo ni hoja ya kweli, na ndiyo ambayo kampuni ilipaswa kuiandika kwenye barua pepe ya Februari badala ya kukaa kimya. Lakini mtu anaweza kusoma mita bila kuuza maji. Mama alikubali kutuma kila mwisho wa wiki nakala za risiti za EFD (mashine ya kodi) za mafuta na viazi, pamoja na ripoti ya mauzo ya mashine yake. Akasema hana la kuficha isipokuwa kile kiungo kimoja.

Tulimaliza Agosti, kwa nyongeza ya mkataba yenye kurasa mbili. Masala, sosi na maboksi vimebaki kwa kampuni bila mjadala. Mafuta na viazi vinanunuliwa popote, kwa vipimo vilivyoandikwa. Sabuni, brashi, chumvi na jamaa zake vimetoka kwenye orodha, na kitu kipya hakiingii bila notisi ya siku 60. Ombi la msambazaji linajibiwa ndani ya siku 21. Nilitaka kimya kihesabiwe kuwa kukubali, wakakataa katakata, tukaishia kwamba siku 21 zikipita mwendeshaji ananunua kwa muda hadi ajibiwe. Barabara ikikatika, kiwango cha chini cha manunuzi kinasimama, na tawi linaweza kununua masala kwa tawi jingine. Kama lingekuwepo hilo mwezi Mei, kopo la masala lingetoka Songea kwa basi na kufika bila kuikaribia Kilwa. Faini ikafutwa, isipokuwa shilingi 600,000 za zile siku nne. Mama alizilipa akiwa amenuna.

Kisha kampuni ikaleta la kwake: mrabaha upandishwe kutoka asilimia 6 hadi 7.5. Nilidhani mama atasimama na kuondoka. Alitoa daftari. Mauzo yake ya wastani ni milioni 18 kwa mwezi. Nyongeza ya asilimia 1.5 ni 270,000. Anatumia ndoo 16, akiokoa 23,000 kwa kila moja ni 368,000. Viazi magunia 24, mara 17,000 ni 408,000. Jumla 776,000, toa 270,000, zinabaki 506,000. Akasaini. Njiani aliniambia kwamba hata zingebaki sifuri angesaini, kwa kuwa mrabaha anauona kwenye karatasi na unashuka duka likiwa tupu, wakati ile nyongeza ya bei ya ndoo ilikuwa imekaa ndani ya mafuta.

Kuku hatukumaliza. Kampuni ilituma mtu akakagua banda la mfugaji na mahali pa kuchinjia, ikamwidhinisha kwa dharura tu. Na mama mwenyewe, pamoja na kelele zote, bado anachukua kuku wa Dar, kwa sababu kampuni inampa siku 14 za kulipa na mfugaji anataka fedha mkononi. Ila kila Alhamisi ananunua kwake kuku kumi na kuwapika nyumbani au kuwagawia majirani. Nilimuuliza ni hesabu gani hiyo. Akasema mvua zikianza Kilwa, hataki kumpigia mtu simu baada ya mwaka mzima ili ajitambulishe upya.